Mgeni, Jembe na Kipepeo

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa Doha tunao wenzetu waliokaa miaka ishirini na bado wanajihesabu kuwa katika siku ya pili: mkataba ukiisha watafunga mizigo, basi jembe la nini? Swali hilo, ndugu wasomaji, lilitujia kwa mlango tusioutarajia, nao ni vipepeo.

Tulianza kwa nia ya kuwatoa watoto mbele ya televisheni. Familia chache za Waswahili, magari matatu au manne, Ijumaa asubuhi, chupa za chai na mandazi. Wengi hudhani jangwa ni tupu. Qatar hupata mvua ya milimita 75 hivi kwa mwaka mzima, kiasi ambacho Tanga huweza kukipata kwa siku moja. Lakini maji hayo machache hukusanyika kwenye mabonde yenye udongo laini ambayo wenyeji huyaita roda. Mvua za mwisho wa mwaka zikiwa njema, Februari na Machi roda huota nyasi na maua, na vipepeo huja. Kuanzia Mei hatuendi mbali. Joto hupita digrii 40, nasi hubaki kuchungulia viwavi kwenye milimau ya uani, alfajiri.

Tunayemzoea zaidi ni yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizotiwa madoa meupe, Danaus chrysippus. Ni huyo huyo wa Mombasa na Morogoro. Hapa viwavi wake hula kichaka kiitwacho ushar, chenye majani manene na utomvu kama maziwa. Sumu ya utomvu hubaki mwilini mwake, na ndege wakishamwonja mara moja humwacha.

Msimu mmoja tuliikuta roda imechanua, huku alama za matairi zikiikata katikati. Mwenzetu mmoja akataka nasi tuingize magari mpaka chini ya mkunazi, kwenye kivuli, kwa kuwa tulikuwa na wazee. Tukamwambia serikali inakataza. Akajibu: "Nchi si yetu, hatutazikwa hapa. Wenyewe wanapita, sisi ni nani tuwe walinzi wa bustani ya mwenye nyumba?"

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ila sisi wengine ni wahandisi, na udongo tunaujua: tairi likishaushindilia, maji hayapenyi, mbegu haioti, na alama hukaa miaka. Udongo hauulizi pasipoti ya dereva. Zaidi ya hayo, tukiwa Dar es Salaam tulitupa taka mtaroni tukisema mtaro ni wa serikali. "Si yetu" tulikuja nayo kutoka nyumbani, hatukuipata uwanja wa ndege.

Kule Gede, tangu mwaka 1993, wanakijiji jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyao ng'ambo. Wana sababu ya mfukoni ya kuutaka msitu usimame. Sisi roda haitupi hata senti. Tunaitazama tu, na kutazama nako ni kutumia.

Kuna kipepeo mwingine hupita hapa, Vanessa cardui. Jamaa zake huvuka Sahara kwenda Ulaya na kurudi, lakini hakuna hata mmoja anayemaliza safari nzima. Hutaga njiani, na wajukuu ndio wanaorejea. Watoto wetu waliipenda habari hiyo kuliko sisi tulivyotaka. Tusimpe sifa ya uadilifu, maana yeye hufuata maua tu. Hachagui. Sisi tulichagua kuyaacha magari kando ya barabara na kutembea karibu nusu saa.

Mwenzetu yule alibaki garini na bibi mmoja mwenye maumivu ya magoti, ambaye hakuona ua hata moja. Mpaka leo anasema tulimnyima mzee kwa ajili ya wadudu, na kwa hilo hatujampa jibu. Msimu uliofuata tulitafuta roda iliyo karibu zaidi na lami.