Tafakari ya Juma: Bakuli Linakuwaje Bamba?

Somo: Hesabu 16:36–40



Kora na wenzake, waliomwasi Musa na Haruni, walipokwisha kuangamia, Mungu hakuagiza vyetezo vyao, vyombo vya kufukizia uvumba, vitupwe. Alitaka Eleazari, mwana wa Haruni, aviokote vyote 250 kutoka motoni, vifuliwe viwe mabamba ya kufunika madhabahu. Tukisoma habari hii huwa tunakimbilia onyo lake, na kweli ni onyo. Leo tukae kidogo na kazi yenyewe ya mikono. Chetezo kina tumbo kama bakuli. Madhabahu ile ilikuwa ya mbao za mshita, mraba, pande zake bapa. Bakuli linakuwaje bamba?

Kijana mmoja wa hapa kwetu Mzinga anaunda ndege ndogo za mfano. Huchora kwanza ndege nzima kwenye kompyuta, kisha programu humkunjulia kila sehemu iwe bapa, akaichapisha, akaibandika juu ya manila na kuikata kwa wembe. Kiwiliwili kilicho duara kama bomba hukunjuka kikawa mstatili. Mkia unaochongoka hukunjuka ukawa kipande cha duara; ndivyo mafundi bati wanavyokata faneli tangu zamani, bila kompyuta. Kijana huacha ukingo mwembamba wa kuungia, na kazi imekwisha.

Pua ya ndege ndiyo inayogoma. Imepinda kwa urefu na kwa upana kwa wakati mmoja. Ukiilazimisha ilale, ukingo unapasuka. Ukiifunika kwa karatasi bapa, karatasi inafanya makunyanzi. Kijana huigawa vipande vyembamba kama maganda ya chungwa, na gundi inakuwa nyingi. Programu haina kosa. Mjerumani Carl Friedrich Gauss alionyesha mwaka 1827 kwamba umbo la namna hiyo halilazwi bapa pasipo kuvutwa, kubanwa au kukatwa. Ndiyo sababu hakuna ramani bapa ya dunia isiyopotosha kitu.

Basi Eleazari hakupewa kazi nyepesi. Shaba hukubali kutanuka, lakini kwa nyundo, pigo baada ya pigo, chombo kimoja kimoja. Na sababu ya kuvihangaikia imeandikwa: vilikwisha kusogezwa mbele za Bwana, kwa hiyo ni vitakatifu. Kora na wenzake walikosa, lakini walichokileta mbele za Mungu hakikugeuka takataka.

Wapendwa, yako mambo yetu yaliyopinda upande mmoja tu. Aliyekopa debe la mahindi alirudishe. Hilo linakunjuka mara moja. Lakini chukua kesi ya shamba. Katika milima yetu ya Uluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamume akifariki, watoto waliolima naye tangu wadogo wanajikuta uso kwa uso na wapwa zake, watoto wa dada yake. Hawa wana damu ya ukoo wenye ardhi. Wale wana jasho lao na migomba waliyoipanda. Jambo limepinda pande mbili. Sisi wazee tukilibonyeza katika kikao kimoja ili liingie kwenye mstari mmoja wa muhtasari, karatasi itakuwa safi, na ukoo utapasuka pembeni, mahali ambapo hatukuangalia.

Haki haikwepwi kwa kusema mambo ni magumu. Madhabahu ilifunikwa, kazi ilifika mwisho. Ila anayetaka kunyoosha jambo la namna hii ajue kwamba lina gharama, na aulize nani anailipa. Mara nyingi tunamwachia mjane ailipe. Pengine lazima tukate: mpaka huu kwa hawa, migomba ile kwa wale. Basi tukate kwa kupima, tuache na ukingo wa kuungia, ili ndugu waweze kushikana tena. Na anayeondoka bila shamba asiondoke kama chombo kibovu. Naye amesimama mbele za Bwana.

Juma hili, kabla hujatoa hukumu juu ya jambo la nyumba ya mtu, sikiliza na upande wa pili hadi mwisho.

Tuombe: Ee Mungu uliyemwagiza Eleazari kazi ya nyundo, tupe mikono isiyo na haraka na macho ya kuona mahali tunapopasua watu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.