Neno Lisilobisha Hodi

Hapa Ngokolo, Shinyanga, picha za namna hii hazikosekani kwenye simu. Kijana amesimama kando ya duara la dhahabu huko Nyarugusu, buti zimejaa tope, na chini ameandika: "Mungu ni mwema. Mliosema siwezi, mpo?" Hakuweka bei wala namba ya simu. Hata hivyo jioni haifiki kabla ndugu wawili hawajamfuata pembeni kumuuliza anafanyaje.

Je, anatulaghai? Huenda anamshukuru Mungu kweli, huenda anatega. Picha haitakuambia.

Wazee wa Usukuma waliyanoa masikio ya vijana kwenye shikome, moto wa jioni. Mtoa kitendawili aliita "Kalagu!", wenzake wakaitikia "Kize!", ndipo fumbo likatolewa. Jibu lilifichwa, lakini lilifichwa mbele ya wote. Mtoto alikosea, akauliza, akacheka na wenzake. Naamini kipimo chetu kimelala hapo: neno linalokubali kuulizwa hadharani si sawa na neno linalokuvuta pembeni.

Ukweli wa msemaji peke yake hautoshi. Mwaka 2009 upatu wa DECI ulipoanguka, Watanzania wengi walikuwa wamekwisha kupanda "mbegu" zao humo. Wengi waliingia kwa sababu jirani, tena muumini mwenzao, alisimulia kwa furaha alivyovuna. Na kweli alikuwa amevuna! Hakujua kwamba mavuno yake ni mbegu za waliokuja nyuma yake. Ulaghai ulipita katika kinywa cha mtu mwema. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama asemaye ni mkweli. Uliza neno lenyewe linataka ufanye nini, lifanyike upesi kiasi gani, na umfiche nani.

Mrudie yule kijana. Mwandikie kwenye kundi la familia, kwa heshima: "Hongera mwanangu, mzigo unauzia wapi?" Mwenye dhahabu halali hashindwi kujibu. Soko la madini la Geita lipo tangu Machi 2019, bei elekezi hutangazwa, mauzo huandikwa. Lakini akijibu, "Njoo inboksi," au "Nafasi zinafungwa leo," au "Usimwambie mama, atakuvunja moyo," shika pesa yako. Anayetaka uwaogope ndugu zako kabla hujatoa hata shilingi amekwisha kuanza kukuvua kinga uliyo nayo. Ikiwa umetumiwa ujumbe wa kutapeli kwenye simu, upeleke 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ili aliyeutuma afuatiliwe.

Hata hivyo nasihi sana tusikimbilie kuhukumu. Mkoa wetu wa Shinyanga unajua gharama ya kusoma dalili usoni. Bibi zetu wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa miaka mingi jikoni, penginepo moshi wa kinyesi cha ng'ombe kwa kuwa kuni ni haba. Wauaji nao walidai wanawatambua wabaya kwa kuwatazama. Leo mtu akiposti bati jipya au pikipiki, tunanong'ona kuwa ni tapeli au ana mkono wa mganga, kwa sababu tu jana hakuwa navyo. Huo ni ugonjwa uleule. Neno lipimwe, lakini mwenye neno asivishwe jina ambalo hatuna ushahidi nalo.

Na yuko ambaye tunamsahau, naye ndiye anayeniuma zaidi. Wapo wanaoposti furaha huku wamezama. Wameingiza pesa ya kukopa kwenye upatu, wakaambiwa hawatalipwa mpaka walete watu wengine, na ile picha ya tabasamu ndiyo kazi waliyopewa. Kijana wa namna hiyo hatasema kweli mbele ya kundi. Mjomba au shangazi ampigie simu usiku, amuulize kwanza kama amekula, kisha amuulize anadaiwa kiasi gani.