Taa Inapofifia

Magharibi, katika vijiji vilivyo kati ya Nyeri na Karatina, mtoto huketi mezani na kitabu chake chini ya taa ya umeme. Ghafla nuru hupungua, ikawa nyekundu kama kaa, kisha hurudi. Mzee aliye karibu husema, "Kinu kimeanza." Hakuna agombaye, maana jambo limezoeleka. Lakini je, mwenye kinu amemdhulumu mtoto yule?

Tutazame kwanza lililotukia. Nyumba kadhaa na kinu cha kusagia mahindi hupata umeme kwa transfoma moja. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au zaidi ya ule iutumiao ikisha kushika mwendo. Waya mrefu mwembamba hauwezi kuupitisha wingi huo bila kupoteza sehemu ya msukumo wake. Volti 240 zilizokusudiwa zikawa, tuseme, 216. Upungufu huo ni sehemu moja ya kumi tu, lakini globu ya zamani, ile ya uzi unaowaka, hupoteza karibu thuluthi ya nuru yake. Kidogo kilichopotea njiani huwa kikubwa mezani.

Mwenye kinu ana jibu. Atasema amelipia umeme wake kwa mita, hakuiba hata chembe. Na unga anaousaga ndio chakula cha mtoto huyo huyo. Maneno hayo ni ya kweli, wala hayatoshi. Mita hupima alichochukua. Haipimi alichowapunguzia wengine. Wanaonywesha mashamba kwa mfereji mmoja wanaijua habari hii: aliye juu akifungulia maji yote, aliye chini huona mchanga. Hawamwambii aliye juu asinyweshe, hupatana zamu.

Jambo moja hunisumbua zaidi. Siku hizi wengi wana globu za LED, na nyingi katika hizo zina kifaa ndani kinachosawazisha umeme, hata upungufu usionekane. Mwenye globu hizo husema hakuna taabu. Jirani aliyebaki na ya zamani huonekana mnung'unikaji. Je, madhara yamekwisha, au yamemhamia asiyeweza kununua? Mimi naona yamehama. Wala sijitoi: pasi ya nyumbani kwangu nayo huvuta waya wa wote, ila kwa kiasi ambacho jicho halikitambui.

Kipo kiwashio kinachoiamsha mota polepole, nacho kina bei yake. Nani akilipie: mwenye kinu, wale ambao taa zao hufifia, au sisi sote tunaokula unga?