Aliyedhulumiwa Akinena, Nani Asikie?

Katika nyumba zetu nyingi, neno "rege" likitajwa, mzazi huona mbele yake nywele za misokoto, moshi wa bangi na kijana aliyeacha sala. Hofu hiyo haikuzuka bure, wala hatukuja hapa kuibeza. Na suala la ala za muziki wanavyuoni wetu wamelizungumza kwa mapana tangu zamani. Atakaye hukumu yake na awaendee wao. Sisi twauliza jambo jingine. Je, aliyedhulumiwa ana haki ya kutangaza ubaya aliofanyiwa, tena kwa shairi na mbele ya watu? Na akishatangaza, mwenye kusikia ana wajibu gani?

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1979 ilitoka London santuri iitwayo Forces of Victory, ya mshairi Linton Kwesi Johnson. Alizaliwa Jamaika mwaka 1952, na mwaka 1963 akaenda Uingereza kumfuata mama yake katika mtaa wa Brixton. Si mtu wa dini yetu, wala si mwimbaji. Huyasema mashairi yake kwa sauti ya utulivu, kwa lugha ya Kijamaika kama isemwavyo majumbani, na chini yake hupigwa ngoma za rege na gitaa zito la besi. Ushairi wa namna hii ndio uitwao ushairi wa dabu.

Katika santuri hiyo mna shairi lililotungwa kwa umbo la barua. Kijana Sonny, aliye katika jela ya Brixton, anamwandikia mama yake. Anamkumbusha kuwa aliahidi kumtunza Jim, mdogo wake, na kwamba alijitahidi, lakini Jim amekamatwa. Walikuwa wamesimama jioni wakingoja basi, hawana la kufanya na mtu. Likaja gari la polisi, wakashuka askari watatu wenye marungu, wakamshika Jim na kumpiga. Sonny hakustahimili kutazama, akaingia kupigana. Askari mmoja akaanguka, akafa. Sasa Jim ameshitakiwa kwa kushukiwa, na Sonny kwa kuua. Anamaliza kwa kumsihi mama asivunjike moyo.

Barua hii ni ya kubuni, lakini sheria iliyomo ndani yake ilikuwapo. Kilikuwa kifungu cha 4 cha sheria ya uzururaji ya mwaka 1824, kilichowaruhusu polisi kumkamata mtu kwa kumshuku tu kwamba anazunguka mahali kwa nia ya kutenda kosa. Ushahidi wa askari wawili ulitosha kumtia hatiani; hakukuhitajika mwenye kuibiwa wala kitu kilichoibiwa. Katika miaka ya 1970 vijana Weusi wa London walikamatwa kwa sheria hiyo kupita kadiri ya idadi yao.

Basi dini yetu yasemaje? Katika Suratun-Nisaa, aya ya 148, tunafunzwa kuwa Mwenyezi Mungu hapendi ubaya utangazwe kwa maneno, kisha akavuliwa katika katazo hilo mtu mmoja: aliyedhulumiwa. Na mwishoni mwa Suratush-Shuaraa, baada ya kulaumiwa washairi wasemao wasiyoyatenda, wakavuliwa wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mungu kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Hatusemi kuwa Johnson ni katika hao. Tunasema kuwa mlango wa kujitetea kwa neno haukufungwa.

Tena tukumbuke asili ya Hilful-Fudhul. Kabla ya Utume, mgeni kutoka Yemen aliuza bidhaa yake Makka kwa Al-As bin Wail, akanyimwa thamani yake. Hakuwa na jamaa pale wa kumtetea. Akapanda jabali la Abu Qubays, Makureshi wakiwa wamekaa karibu na Al-Kaaba, akayatoa malalamiko yake kwa mashairi. Az-Zubeir bin Abdul-Muttalib akasimama, wakakutana wazee nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakafunga ahadi ya kusimama na kila aliyedhulumiwa mpaka arejeshewe haki yake. Mtume wetu (S.A.W.) aliihudhuria ahadi hiyo akiwa kijana, na baada ya kupewa Utume akasema kuwa lau angeitwa tena kwa mfano wake, angeitika. Tazama, ndugu msomaji: shairi la mgeni lilikuwa sababu ya ahadi iliyosifiwa na Mtume.

Lakini haki ya kulalamika ina mipaka. Suratul-Maida inatuonya kuwa chuki yetu kwa watu isitutoe katika uadilifu. Hapa ndipo barua ya Sonny inapokuwa na uzito, kwani haikuficha kuwa mwandishi wake alipiga na kwamba mtu amekufa. Angeweza kusema askari aliteleza. Msikilizaji afurahiaye pigo lile kwa kuwa ngoma imenoga, hakuielewa barua. Dhuluma ya mwanzo haimwondolei aliyekufa ubinadamu wake. Askari naye alikuwa na mama wa kupelekewa habari. Aliyedhulumiwa anayo ruhusa ya kusema, kwa sharti aseme kweli yote, hata ile inayomlemea mwenyewe.

Na msikilizaji je? London, akina mama Weusi walikuwa mbele katika kudai sheria ile ifutwe. Wenye mamlaka walikawia. Mwezi wa Aprili 1981, baada ya polisi kuwasimamisha na kuwapekua mamia ya watu kwa siku chache, Brixton ikawaka moto. Mwaka huo huo sehemu ile ya kifungu, ya kumkamata mtu kwa kumshuku tu, ikafutwa. Kumsikia aliyedhulumiwa mapema kungalikuwa ni rehema kwa pande zote mbili.

Sisi wa pwani tunaijua hadithi ya Fumo Liyongo, aliyefungwa gerezani. Mama yake alimpelekea mikate mizuri na mmoja wa wishwa. Walinzi wakala ile mizuri, wakamwachia mfungwa wa wishwa kwa kuudharau, kumbe tupa imo ndani. Mzazi anayezima santuri kwa kuchukia mdundo, na kijana anayeipiga kwa kupenda mdundo, wote wawili wameishia kwenye wishwa. Mzazi kabla ya kukataza na amwulize mwanawe: "Huyu asema nini?" Na kijana asiyeweza kujibu ajue kuwa mtu alikuwa akimlalamikia dhuluma, naye alikuwa akicheza.

Wabillahi tawfiq.