Mageuko ya Viumbe na Imani ya Mtu

Kuna mambo ambayo watu huyakataa kabla hawajayasikiliza, kama mgeni anayefungiwa mlango kabla hajasema shida yake. Moja la mambo hayo ni elimu ya mageuko ya viumbe. Itajwapo sokoni au uani mwa kanisa, hakosi mtu wa kuuliza kwa kicheko: ikiwa babu zetu walikuwa nyani, mbona nyani wa leo hawageuki wakawa watu? Wasikilizaji hucheka pamoja naye, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Kicheko ni kitu kizuri, lakini si hakimu. Yafaa tulipime jambo hili kwa mizani. Tena si lazima tusafiri mbali kutafuta mizani yenyewe, maana ushahidi uko karibu: katika nchi ya Wateso, upande wa Amagoro na Malaba, pale Kenya inapopakana na Uganda.

Katika vilima vya Chelelemuk, si mbali na Amagoro, pana mwamba mkubwa uitwao Kakapel. Chini ya kivuli chake pana michoro ya watu wa kale, na chini ya michoro hiyo pana udongo uliofunika masalio ya maisha yao. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao waliuchimba udongo huo kwa uangalifu, na mwaka 2024 wakatangaza waliyoyaona. Walipata punje ya kunde yenye umri wa miaka ipatayo 2300. Walipata pia mtama na wimbi, mazao yaliyokuwako hapo yapata miaka 1000 iliyopita. Wakulima wa Kakapel hawakuwa na shule wala vitabu. Lakini mikononi mwao ilikuwamo kazi ambayo ndiyo mlango wa elimu tunayoizungumza.

Tazameni wimbi. Nyasi za mwituni zilizo jamaa yake huangusha punje zake zikiiva, maana ndiyo njia yake ya kujipanda. Mvunaji wa kale alipofika na kikapu, punje zilizokwisha kuanguka zilimpotea; zilizoshikamana na shuke ndizo alizochukua nyumbani. Alizila nyingi, akazipanda chache. Mwaka uliofuata shamba lake lilikuwa na mimea ishikayo punje kuliko mwaka uliotangulia, na mwaka wa tatu kuliko wa pili. Baada ya vizazi vingi likapatikana wimbi tulijualo, ambalo humngoja mvunaji. Hakuna mmea hata mmoja uliojigeuza katika maisha yake. Uliobadilika ni umma wa mimea, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu baadhi yao waliacha uzao na wengine hawakuacha.

Mageuko ya viumbe ni hayo. Yana nguzo tatu. Ya kwanza, viumbe vya aina moja havilingani kwa kila kitu. Ya pili, tofauti nyingi hurithiwa na watoto kutoka kwa wazazi. Ya tatu, wenye tofauti zifaazo mahali walipo huacha uzao mwingi kuliko wengine. Charles Darwin, Mwingereza, alipochapisha kitabu chake mwaka 1859, alianza na mifugo na mimea ya wakulima. Alitaka msomaji aone kwamba yale mkulima ayafanyayo kwa miaka michache, ukame, baridi, njaa na maradhi huyafanya kwa muda mrefu usio na kifani, pasipo kukusudia.

Tukiisha kuelewa hivyo, tunaweza kulirudia lile swali la nyani. Wateso, Wakaramoja na Waturkana wana lugha za ukoo mmoja. Mteso wa Amagoro na Mkaramoja wa Moroto ni ndugu kwa asili, lakini hakuna mwenye akili asemaye kwamba mmoja amemzaa mwenziwe, wala aulizaye kwa nini Wakaramoja hawajageuka wote wakawa Wateso. Wana wahenga wao wa pamoja, na kila tawi likashika njia yake. Elimu ya mageuko husema vivyo hivyo juu ya mtu na nyani: kwamba wana wahenga wa pamoja walioishi zamani sana, na kwamba nyani wa leo si babu wa mtu yeyote. Kwa hiyo anayecheka, anayacheka maneno ambayo elimu hiyo haikuyasema.

Kosa lingine limo katika neno nadharia. Katika mazungumzo ya kila siku, nadharia ni dhana tu, kitu ambacho mtu amekiwaza akiwa kitini. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi na kukutwa yakisimama. Kwamba vijidudu huleta maradhi ni nadharia pia, na hakuna mganga wa hospitali aachaye kunawa mikono kwa sababu hiyo. Kosa la tatu ni kudhani kwamba mageuko hufundisha kuwa mwenye nguvu ana haki ya kumwangamiza mnyonge. Maji ya mafuriko huteremka mabondeni na kuzamisha nyumba; lakini ajuaye jinsi maji yanavyoteremka hakuamriwa kumzamisha jirani yake. Kueleza jambo lilivyo si kuamuru liwe.

Huenda msomaji akauliza: haya ya zamani yatufaa nini sisi? Yanatufaa kuliko tunavyodhani, maana mageuko hayakuishia Kakapel. Yamo katika damu yetu.

Kuna maradhi yaitwayo selimundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujikunja zikafanana na mundu, zikaziba mishipa midogo, zikamtia mtoto maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu. Huyapata mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huishi bila ya ugonjwa huo, mara nyingi pasipo kujua kwamba anayo jeni hiyo. Wawili wa namna hii wakioana, kila mimba yao ina fungu moja katika manne la kuleta mtoto mgonjwa.

Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii mwaka 1949. Akashangaa. Kando ya Ziwa Victoria na huko pwani, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni ile. Katika nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja katika 100. Kwa nini jeni inayoua watoto iwe nyingi mahali pamoja na kuwa adimu mahali pengine? Mwaka 1954 alitoa jibu lake: penye malaria nyingi ndipo penye jeni nyingi, kwa kuwa mtoto mwenye jeni moja ya selimundu huikabili malaria vizuri kuliko asiye nayo. Kwa vizazi vingi, watoto wa namna hiyo walinusurika pale wenzao walipokufa, wakakua, wakazaa, wakairithisha jeni yao. Kinga ya wengi ikawa msiba wa wachache.

Fikirini sasa juu ya nyumba iliyozika watoto wawili, na wa tatu analia usiku kwa maumivu ya mifupa. Nyumba za namna hii zimekuwako katika nchi yote ya ziwa, na Busia imo. Majirani wananong'ona. Mmoja anasema ni laana ya ukoo wa mama. Wa pili anasema ni uchawi. Wa tatu anasema ni dhambi iliyofichwa. Mama, ambaye tayari amebeba huzuni ya kufiwa, hutwishwa na lawama. Na ni nani awezaye kumtua mzigo huo? Ni yule ajuaye kwamba mtoto alirithi kwa wazazi wote wawili kwa kadiri sawa, kwamba jeni hiyo ilienea kwa sababu iliwaokoa wahenga wao na malaria, na kwamba kipimo cha damu na matibabu ya mapema huongeza sana maisha ya mtoto. Elimu inayosemwa kuwa humshusha mtu, hapa inamwinua mama aliyeshushwa na ujinga.

Dawa nazo zinatufundisha somo hilo hilo. Kwa miaka mingi malaria ilitibiwa kwa klorokwini. Miongoni mwa vimelea vya malaria walikuwamo wachache wasiouawa na dawa hiyo. Wengine walipokufa, hao wachache walibaki na kuzaana, hata mwaka 1998 Kenya ikaacha kuitumia klorokwini kuwa dawa ya kwanza. Iliyoshika nafasi yake nayo ikashindwa vivyo hivyo, na mwaka 2004 nchi ikaamua kutumia dawa mseto. Mtu aweza kukana mageuko kwa kinywa chake, lakini kimelea hakimngoji akubali.

Sasa natugeukie imani, maana hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili, na si haki kulipita kwa maneno matamu. Mwaka 2006, wakati Makumbusho ya Nairobi yalipokuwa yamefungwa ili yatengenezwe, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili, Askofu Boniface Adoyo akiwa mbele yao, walitaka mifupa ya watu wa kale isipewe mahali pa heshima, na mageuko yasionyeshwe kama jambo lililothibitika. Mashuhuri katika mifupa hiyo ni ile ya Kijana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, yenye umri wa miaka ipatayo milioni moja na nusu. Richard Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alipinga vikali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na mifupa ikaonyeshwa kwa watu.

Haifai kuwacheka waumini hao. Wazazi wengi wana hofu kwamba mtoto akiambiwa ametokana na wanyama ataishi kama mnyama. Hofu hiyo yastahili jibu. Vitabu vitakatifu vyenyewe husema kwamba mtu aliumbwa kwa udongo, na hakuna aliyemdharau mtu kwa ajili ya udongo wake. Ikiwa udongo haukumvunjia mtu heshima, mnyama mwenye uhai atamvunjiaje? Heshima ya mtu haimo katika kitu alichotokana nacho. Imo katika dhamiri yake, katika upendo wake, na, kwa aaminiye, katika wito wa Mwumba wake.

Walakini tusijidanganye kwamba hakuna mvutano wowote. Ashikaye kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita za saa ishirini na nne, tena si zamani sana, hawezi kupatana na miaka milioni ya Turkana. Mmoja wa wawili hao lazima aache neno lake. Lakini si waumini wote walioshika hivyo. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mtu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Miongoni mwa Waislamu wako wanaokubali mageuko ya mimea na wanyama, lakini husema kwamba Adamu aliumbwa kwa namna ya pekee. Kwa upande wa pili, wako wasioamini wanaodai kwamba mageuko yamethibitisha kuwa hakuna Mungu. Nao pia wamevuka mpaka, kwa kuwa hakuna mfupa wala punje iwezayo kutoa ushahidi huo.

Pale Malaba, lori litokalo Mombasa kwenda Kampala hukutana na maafisa wa namna mbili. Wa forodha huuliza: umebeba nini, na kina uzito gani? Wa uhamiaji huuliza: u nani, na unakwenda wapi? Dereva ni mmoja na safari ni moja, lakini muhuri wa mmoja haushiki mahali pa muhuri wa mwingine. Sayansi huuliza jinsi tulivyofika hapa. Dini huuliza tu nani na tunakwenda wapi. Ugomvi huanza pale mmoja anapotaka kupiga mihuri yote miwili.

Hata hivyo liko swali moja gumu ambalo elimu ya mageuko huliweka mlangoni mwa imani: kwa nini kinga ya mtoto mmoja iwe kifo cha ndugu yake? Sayansi hueleza jinsi. Haina faraja ya kutoa. Na muumini hana budi kulibeba swali hilo kwa unyenyekevu. Lakini Mkristo asisahau kwamba katika Injili ya Yohana, Yesu alikataa wazo la kuwa upofu wa mtu aliyezaliwa kipofu ulikuwa adhabu ya dhambi yake au ya wazazi wake. Kuhusu lawama ya yule mama, Injili na maabara zinasema neno moja.

Vijana wetu wamezoea kuwa na ndimi mbili. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Kenya wamefundishwa katika historia asili ya mtu kwa masimulizi ya jadi, kwa uumbaji na kwa mageuko. Wengi huandika mageuko katika mtihani ili wapate alama, na wakiwa nje huyacheka ili wapate marafiki. Anayekataa jambo baada ya kulichunguza ni mtu mwaminifu, na anayelikubali baada ya kulichunguza ni mwaminifu vilevile. Asiye mwaminifu ni yule aliyekubali kwa kalamu asichokijua, akakikataa kwa kinywa asichokijua. Someni kwanza, mkapime, kisha mseme neno moja, shuleni na kanisani, msikitini na nyumbani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na hapa, lile asilojifunza mmoja laweza kumgharimu mtoto wa mwingine uhai wake.