Je, Furaha Yaweza Kuamriwa?

Zaburi ya 98, mojawapo ya zile zisomwazo wakati wa Noeli, yaiamuru nchi yote imwimbie Bwana, kwa kinubi na kwa baragumu. Hata bahari na mito havikuachwa. Lakini twajiuliza: je, ni haki kumwamuru aliyefiwa ashangilie?

Tuitazame sababu itolewayo mwishoni. Si kwamba tumeshiba, wala kwamba tumevaa nguo mpya, bali kwamba Bwana anakuja kuhukumu kwa haki. Basi ni nani afurahiaye kuja kwa hakimu? Ni yule aliyedhulumiwa. Mjane aliyenyang'anywa shamba ana sababu kubwa ya kuimba kuliko sisi wenye pilau mezani. Naye azuiaye mshahara wa mtumishi wake, na aimbe kwa hofu.

Kwa hiyo furaha hii haimkatazi mtu kulia. Yamhakikishia kuwa machozi yake yameonekana. Isaac Watts, aliyeitumia Zaburi hii mwaka 1719 kutunga wimbo wa furaha kwa ulimwengu, hakusimulia hori la ng'ombe, bali utawala wa Bwana.

Tuimbe basi Noeli hii. Lakini kwanza tumrudishie jirani haki yake.