Je, Kutunza Chombo cha Kale ni Upuuzi?

Mwaka jana kijana mmoja wa kijiji chetu alipita nyumbani kwa mjomba wangu, akamkuta ameinama juu ya kinasa sauti chake cha kale, akikipangusa kwa pamba. Kijana akasema, "Shikamoo, mzee. Hiyo kazi ya nini? Simu yangu hii yanasa sauti siku nzima, nayo yaingia mfukoni." Mjomba akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaendelea na kazi yake. Mimi nalikuwapo, na tangu siku ile swali hilo limenikaa moyoni. Mtu atumiaye saa zake kutunza chombo ambacho wengi wamekwisha kukiacha, je, ana hekima au ni mpuuzi? Nataka tulifikiri pamoja, ndugu msomaji.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Kina magurudumu mawili, na utepe mwembamba, upana wake kama milimita 6, watoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia. Utepe huo umepakwa unga wa chuma wa rangi ya kutu. Sauti hugeuzwa kuwa umeme, na umeme kuwa nguvu ya sumaku, nayo sumaku huacha alama katika unga ule. Chombo cha namna hii, jina lake Magnetophon, kilionyeshwa kwa watu mjini Berlin mwaka 1935. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Mmarekani mmoja, Jack Mullin, alivipeleka viwili kwao, na mwaka 1948 kampuni ya Ampex ikaanza kuuza vyake. Baadaye vilienea hata kwetu. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, lakini sauti yake twaisikia hata leo, kwa sababu ilinaswa katika utepe na watu wakautunza.

Raha ya chombo hiki ni raha ya polepole. Huwezi kurukaruka huku na huku. Huna budi kuupitisha utepe kwa vidole, kuuzungusha mara mbili tatu katika gurudumu tupu, ndipo ubonyeze. Utepe wa mita 360, ukienda sentimita 19 katika sekunde moja, huchukua nusu saa na kidogo. Katika muda huo watu huketi pamoja na kusikiliza, na kila mmoja aona kwa macho jinsi maneno yaliyobaki yanavyopungua upande wa kushoto. Sijui chombo kingine kifundishacho vizuri kama hiki ya kuwa maneno ya mtu yana mwisho.

Lakini raha hii ina gharama yake. Unga wa utepe hubaki juu ya vichwa vya chombo, na usipofutwa kwa pamba na spiriti, sauti huwa nzito kama ya mtu asemaye ndani ya blanketi. Kigurudumu cha mpira kinachoubana utepe hukauka na kupasuka. Mikanda hulegea, na sauti ikaanza kuyumba. Vichwa navyo hushika sumaku, na sharti viondolewe sumaku hiyo kwa kifaa chake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe hujengwa kwa shida, maana vipuri vimekuwa adimu.

Sasa niseme la aibu yangu mwenyewe. Mjomba ana utepe mmoja wa mwaka 1972, wenye sauti ya bibi yangu, mama yake. Mwishoni bibi awataja watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, na kumpa kila mmoja neno lake. Kila mwaka mama yangu alikuwa akienda kwa kaka yake ili asikie jina lake likiitwa. Miaka sita iliyopita naliruhusiwa kuwasikilizisha waalimu wenzangu utepe ule. Nalikuwa na haraka ya kujionyesha, nikabonyeza funguo mbili kwa pamoja. Ikawa kimya. Nilipotambua ya kuwa chombo chanasa badala ya kusoma, sekunde kama 20 zilikuwa zimekwisha kufutika, na jina la mama yangu lilikuwa ndani yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Katika chombo hiki utepe hupita kwanza kwenye kichwa cha kufuta, ndipo ufike kwenye kichwa cha kunasa. Ufunguo mmoja tu hutenga kuhifadhi na kuharibu.

Nalikwenda kwa mama nikamwambia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulikuwa na haraka ya nini, mwanangu?" Hata leo sina jibu.

Hapo nalianza kuona jibu la swali letu. Sahani ikivunjika, hununuliwa nyingine. Sauti ya marehemu haina duka. Basi thamani ya kitu haipimwi kwa upya wake wala kwa bei yake, bali kwa kuuliza: kikipotea, je, chapatikana tena? Tena sikuwa na nia mbaya, lakini kukosa nia mbaya hakukunitoa hatiani. Aliyepewa amana hadaiwi nia njema tu, adaiwa uangalifu.

Hata hivyo upuuzi nao upo. Wako watu wakusanyao vinasa sauti vingi, wakavisugua vikang'aa, wakashindana bei, wala hawasikilizi neno lolote lililo ndani ya tepe. Hao wamefanya chombo kuwa bwana na sauti kuwa mtumwa. Mjomba hayumo katika hao. Hukipangusa kwa ajili ya wale wasemao ndani yake.

Na kijana yule hakukosea yote. Chombo kipya chafaa. Baada ya kosa langu mjomba alikubali tepe zake zote zinakiliwe katika kompyuta, na kama tungalifanya hivyo mapema, mama angalisikia jina lake hata leo. Lakini nakala ile haikutoka hewani. Ilitoka katika kile chombo cha kale, kwa kuwa kilikuwa kizima. Utepe usio na chombo ni bubu. Na asiyetunza cha kale, hata simu yake itaanguka majini na sauti zote zipotee, naye hakuweka nakala.

Basi, ndugu, ukiwa na utepe nyumbani, usiutupe wala usiujaribu ovyo. Uweke wima katika sanduku lake, mahali pakavu, mbali na spika, maana zina sumaku. Ukinuka kama siki, au ukigandamana, usiulazimishe. Mtafute fundi ajuaye, mnakili kabla hamjafanya lolote lingine. Na kabla hujabonyeza, tazama kidole chako kiko wapi.